Kabla ya Kununua Mkanda: Maumivu Sugu ya Kiuno na Tiba ya Mazoezi

Mazungumzo kwa wananchi wa Kiembe Samaki, Unguja



Maumivu ya kiuno yameenea mno. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi nayo. Yakizidi miezi mitatu huitwa sugu, na hapo ndipo mgonjwa huanza kutoa fedha: leo mkanda, kesho mashine, keshokutwa mafuta ya kuchua. Tumekutana ili tutazame fedha hizo ziende wapi.

Kwa wagonjwa walio wengi, vipimo havioneshi jeraha wala ugonjwa mahususi uliosababisha maumivu hayo. Lakini mtu akiumwa muda mrefu huogopa kuinama, huacha kutembea, na misuli yake hupungua nguvu. Kazi ndogo humchosha, naye huzidi kujilaza. Kwa hiyo kukaa kitandani siku nyingi humrudisha nyuma.

Desemba 2023 Shirika hilo lilitoa mwongozo juu ya maradhi haya. Limependekeza, pamoja na mengine, elimu kwa mgonjwa na mazoezi yaliyopangwa. Halikupendekeza mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo, wala vifaa vya umeme vinavyobandikwa mwilini viwe tiba ya kawaida.

Hakuna zoezi moja linalomfaa kila mtu. Wapo watakaofaidika kwa kutembea, wengine kwa kunyoosha viungo au kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo. Mkulima wa mwani anayeinama majini, mchukuzi wa mizigo na mama anayekuna nazi juu ya mbuzi hawana mahitaji sawa. La muhimu ni kuanza kidogo, kuongeza taratibu na kudumu kwa wiki nyingi. Haba na haba hujaza kibaba. Maumivu madogo mwanzoni aghalabu si dalili ya kuumia.

Kwa kuwa mnacholipia ni ujuzi, mtoa huduma aulizwe haya kabla ya kupokea malipo:

1. Je, umesomea tiba ya viungo, na umesajiliwa?
2. Je, utanipima na kuniuliza juu ya kazi yangu?
3. Nitakuja mara ngapi, kwa gharama gani, na maendeleo yangu tutayapima vipi?
4. Je, utanifundisha mazoezi ya kufanya mwenyewe nyumbani?

Swali la nne ndilo kipimo kikubwa. Mtaalamu mwema humwezesha mgonjwa kujitegemea. Anayeahidi kuponya kabisa kwa siku chache, au anayekataa kutoa risiti, asipewe fedha zenu.

Hata hivyo, zipo dalili ambazo hazingoji mazoezi: ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo, mkojo kukataa kutoka, au miguu kulegea ghafla. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile, maumivu yanayoambatana na homa, kukonda bila sababu au yaliyoanza baada ya ajali yaonwe na daktari mapema.

Mkanda hununuliwa kwa dakika moja; nguvu za mgongo hujengwa siku baada ya siku, na mkeka sakafuni watosha kuanzia.