Mandhari Haba, Uigizaji na Ujumbe wa Maadili: Mada kwa Walimu wa Drama na Waandaaji Filamu wa Kitale na Bungoma

Mwaka 2003 mwongozaji wa Denmark, Lars von Trier, alitoa Dogville, filamu ya karibu saa tatu iliyopigwa ndani ya ukumbi mmoja huko Trollhättan, Uswidi. Kijiji kizima kimechorwa sakafuni kwa mistari myeupe. Kuta hakuna, milango hakuna. Mwigizaji anasukuma hewa na sauti ya mlango inasikika.

Hukumu ya filamu imo katika ukosefu huo wa kuta. Grace, mkimbizi anayeigizwa na Nicole Kidman, anabakwa ndani ya nyumba mojawapo huku majirani, hatua chache tu kando, wakiendelea na shughuli zao. Mtazamaji anawaona wote kwa pamoja. Kuta zingewapa wanakijiji kisingizio cha kutojua. Waigizaji nao hawana pa kujificha: hata aliye nyuma kabisa sharti abaki ndani ya uhusika wake, kwani kamera inamwona.

Wabukusu wa Bungoma hawahitaji kufundishwa nguvu hii ya uwanja mtupu na Ulaya. Katika kuswala kumuse, hotuba ya kimila ya matanga, mzungumzaji wake, omuswala kumuse, hutembea peke yake kwenye uwanja ulioachwa wazi kati ya waombolezaji, fimbo mkononi, akisimulia historia ya koo, akikanya na kufariji. Waliomsikiliza Manguliechi, bingwa mashuhuri wa fani hiyo, hawakuonyeshwa pazia wala mapambo. Walipewa sauti, mwendo na kimya, na maonyo yakawafikia.

Kwa filamu za Kenya, mfano ulio karibu zaidi ni Kati Kati ya Mbithi Masya, iliyotuzwa na wahakiki wa kimataifa katika tamasha la Toronto mwaka 2016. Waliofariki wanaishi katika hoteli ya nyikani: vyumba vichache, uwanda mkavu, basi. Kaleche, anayeigizwa na Nyokabi Gethaiga, anafika akiwa na gauni la hospitali, asikumbuke alivyokufa. King, anayeigizwa na Peter King Mwania, anaandamwa na hatia ya machafuko ya baada ya uchaguzi. Mtazamaji wa Kitale, mji ambao mwaka 2008 uliwapokea waliofurushwa makwao na machafuko hayo katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, hahitaji kuonyeshwa moto. Uso wa King unatosha.

Hata hivyo, uchache wa vifaa pekee haujengi sanaa. Mandhari yakipungua, mswada dhaifu huanikwa, na mhusika anayehubiri maadili katika dakika ya mwisho huchosha upesi zaidi. Ujumbe utokane na nani anasimama wapi, nani anaona, na nani anageuza uso.

Kwa hiyo shule zinazojiandaa kwa tamasha la kitaifa la drama na filamu zianze na viti viwili na waigizaji watatu, na fedha za mapambo ziende kwenye mazoezi kabla kamera haijakodiwa.