Kabla ya Kulipia Kasi Zaidi, Kagua Ruta Yako



Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapa kwetu Mombasa mwaka wa 2009. Leo faiba inafika mlangoni. Hata hivyo, wapo wanaopandisha kifurushi, wakalipa zaidi kila mwezi, na mtoto chumbani bado anakatikiwa na somo la mtandaoni.

Mara nyingi tatizo liko ndani ya nyumba. Ruta ya zamani yenye matundu ya megabiti 100 kwa sekunde haipitishi zaidi ya hapo, hata ukilipia 500.

Basi anza kwa kupima. Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo ya Cat 5e au Cat 6. Ukipata kasi unayolipia, faiba haina kosa. Inapotea kwenye Wi-Fi. Itoe ruta nyuma ya runinga, uiweke juu, katikati ya nyumba. Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi lakini hayapenyi ukuta vizuri, ya 2.4 hufika mbali kwa kasi ndogo. Kwa nyumba za Mji wa Kale zenye kuta nene za matumbawe, vuta kebo hadi chumba cha ndani na uweke kifaa cha pili cha Wi-Fi huko.

Kasi ikiwa ndogo hata kwa kebo, mwite mtoa huduma akague laini na ruta kabla hujaongeza shilingi.

Mwisho, badilisheni nenosiri lililokuja na ruta. Asiyealikwa akilijua, mtagawana naye kasi mnayoilipia ninyi.