Fitra: Je, Mtoto Huzaliwa Akimjua Mola Wake?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu Waislamu, Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim yatufunza kuwa kila mtoto huzaliwa katika fitra, kisha wazazi wake ndio wamfanyao Myahudi, Mnasara au Majusi. Lakini Suratun Nahl, aya ya 78, yabainisha kuwa tulitoka matumboni mwa mama zetu hali hatujui chochote. Je, pana mgongano?

Hapana. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, alieleza kuwa fitra si elimu iliyokwisha kamilika kwa mtoto mchanga, bali ni maumbile salama yanayoielekea haki na kuikubali, maadamu hapana kizuizi. Na aya hiyo hiyo yaendelea kututajia masikio, macho na nyoyo, yaani vyombo vya kujulia. Jicho zima halioni gizani. Lahitaji nuru, na nuru hiyo ni wahyi.

Katika Hadithi hiyo Mtume (S.A.W.) alipiga mfano wa mnyama azaliwaye mzima; wanaomkata masikio ni watu. Basi mzazi amletaye mwanawe chuoni asubuhi, na usiku akamfunga hirizi, ajiulize: ni nani anayekata?

Tusiseme "atajua akikua". Tumfunze Tawhid angali mdogo, na tumwondolee vizuizi.

Wabillahi tawfiq.