Alitufundisha Tusimsubiri

Hotuba ya ofisi ya maendeleo katika mkutano wa robo mwaka wa kamati za parokia



Kwa kawaida mkutano huu huanza na taarifa ya miradi. Leo mtuwie radhi tuanze na taarifa ya msiba. Wengi wenu mnafahamu kuwa robo hii tumempoteza mwenzetu, mratibu wa miradi ya maji, aliyefanya kazi nasi kwa miaka 11. Kwetu ofisini hakuwa mfanyakazi tu. Alikuwa rafiki, na kwa baadhi ya watoto wetu alikuwa baba wa ubatizo.

Ilikuwa wiki kama wiki nyingine. Jumatatu tulikaa kikao, chai na mihogo mezani, tukamdai risiti za mafuta ya pikipiki za miezi miwili. Tulimdai kwa ukali kidogo, kwa kuwa mhasibu alikuwa anafunga hesabu. Akacheka, akasema Alhamisi tutazipata zote. Jumanne alikwenda kijijini kukagua kisima, na jioni akatutumia ujumbe kwamba pampu inahitaji mipira mipya ya pistoni na kwamba ameshaiacha kwa kamati. Jumatano kabla ya alfajiri simu ikalia. Alikuwa ameanguka nyumbani usiku, akafikishwa hospitali, akafariki kabla hakujapambazuka. Daktari alisema ni kiharusi kilichotokana na shinikizo la juu la damu.

Kifo hakibishi hodi, na kazi nayo haikutungoja tulie. Saa sita mchana siku hiyohiyo lori la saruji lilisimama mlangoni, dereva akitaka sahihi na kuuliza ashushe wapi. Tukatazamana. Mgawo wa mifuko kwa kila kijiji ulikuwa kichwani mwa mtu mmoja tu. Ubaoni jina lake lilikuwa bado limeandikwa kwenye safari ya Alhamisi, na hakuna aliyethubutu kulifuta. Ijumaa tulimzika.

Jumamosi mjane alitukabidhi mkoba wake wa kazi. Ndani ya bahasha zilikuwamo risiti zote, zimepangwa kwa tarehe, haikupungua hata moja. Mhasibu alizihesabu huku machozi yakimtoka. Maneno yetu ya mwisho ana kwa ana na mwenzetu yalikuwa ya kumdai, kumbe hakuwa na deni. Ndugu zetu, hesabu ni lazima ziulizwe, na tutaendelea kuziuliza, maana fedha mnazotukabidhi ni dhamana. Lakini asubuhi ile aliomba dawa ya kichwa kabla ya kikao kuanza, na hakuna kati yetu aliyemuuliza anajisikiaje.

Jumatatu iliyofuata tulikwenda kule kijijini, tukiwa na hofu kwamba akina mama wanarudi kuchota maji kwenye makorongo. Tulikuta foleni ya ndoo na pampu inatoa maji. Pampu za mkono za Afridev zilibuniwa katika miaka ya 1980 kwa lengo hilo hasa, kwamba wanakijiji wenyewe waweze kuzitengeneza kwa spana na mafunzo ya muda mfupi. Wanawake wawili wa kamati ya maji walikuwa wameifungua siku ya Alhamisi, wakabadilisha mipira, wakaandika kwenye daftari la matengenezo. Tulipowauliza kwa nini hawakungoja ofisi, mweka hazina alijibu kuwa marehemu aliwafundisha wasimsubiri. Habari za msiba walikuwa wameshazipata. Walituambia ndiyo maana waliifungua siku ileile aliyoahidi kurudi.

Ndugu wajumbe, wale akina mama walikuwa wamejiandaa kuliko sisi wa ofisini. Kwa hiyo tumeamua mambo matatu. Kwanza, kila mradi utakuwa na watu wawili wanaoujua, na mgawo wa vifaa utaandikwa kwenye faili. Tunaziomba kamati za parokia zifanye vivyo hivyo. Pili, wafanyakazi na wanaojitolea watapimwa shinikizo la damu kila robo mwaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye tatizo hili hawajui kuwa wanalo, kwa kuwa mara nyingi halina dalili. Mwaka jana tulipoandaa siku ya kupima afya parokiani, mwenzetu ndiye aliyepanga viti. Hakukaa kwenye hata kimoja. Leo muuguzi yuko hapo mlangoni, tafadhali asitoke mtu bila kupimwa. Tatu, kikao cha Jumatatu kitaanza kwa kujuliana hali kabla ya kufungua hesabu.

Bwana wetu mwenyewe alitoa machozi kwa ajili ya rafiki yake Lazaro, ilhali alijua atamfufua. Nasi hatuoni aibu kusema kwamba bado tunalia. Tunawashukuru kwa sala na rambirambi zenu, ambazo tumezikabidhi kwa mjane na watoto wake watatu.

Mungu aiweke roho ya marehemu mahali pema peponi. Amina. Sasa tunaomba tuendelee na taarifa ya miradi, tukianza na maji.