Hotuba juu ya Chakula cha Watu Kimdhurucho Mbwa



Najua wako watakaocheka kumwona karani amesimama kunena habari za mbwa. Lakini ni wangapi kati yetu walalao usingizi kwa kuwa mbwa yu macho uani? Mlinzi huyo wengi wetu humlisha kile tusichokitaka wenyewe, nami nalikuwa mmoja wao.

Nyumbani kwangu yalikuwako mahindi yaliyonyeshewa yakaota ukungu. Tukasema, haya hayaliki, na asagiwe mbwa. Akala ugali ule siku nyingi. Kisha akakataa chakula, akatapika, macho yakageuka manjano, akafa. Nikamdhania jirani kuwa amemtilia sumu, tukanuniana. Kumbe sumu naliipika mimi! Ukungu wa mahindi na karanga waweza kufanya sumu iitwayo sumukuvu, nayo huharibu ini, kuipika hakuiondoi. Ndiyo iliyoua watu 125 katika Kenya mwaka 2004, hasa pande za Makueni na Kitui. Basi mahindi ya namna hiyo msimpe mbwa, wala kuku, wala msiyachanganye na yaliyo mazuri. Jirani yangu nimekwisha kumwomba radhi.

Tena kuna vitunguu. Mchuzi uliobaki sufuriani waonekana kuwa neema kwa mbwa, lakini kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu yake. Mara nyingi dalili hazionekani siku ile ile. Baada ya siku chache ndipo huwa mnyonge, ufizi umepauka, mkojo umegeuka rangi, na mwenyewe amekwisha kuusahau ule mchuzi.

Zabibu, mbichi au kavu, zaweza kuua figo. Sababu haikujulikana kwa muda mrefu. Mwaka 2021 waganga wa wanyama wa Marekani walieleza kwamba yaelekea ni asidi ya tartariki. Mtasema zabibu ni habari ya watu wa Dodoma. Lakini asidi hiyo imo tele katika ukwaju, na wako mbwa walioula wakaugua figo vile vile. Basi makapi ya ukwaju yasitupwe uani.

Chokoleti na kahawa huupiga mbio moyo wa mbwa. Ubani wa kutafuna usiotiwa sukari, kama una zailitoli, huishusha sukari ya damu yake ghafula. Mifupa iliyopikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha, ikatoboa matumbo.

Mbwa akila kitu cha hatari, msikimbilie kumnywesha maziwa wala mafuta. Hayaondoi sumu hizi. Mpelekeni upesi kwa mganga wa mifugo, mkamwambie amekula nini, kiasi gani, na saa ngapi. Msingoje dalili.

Mwenye swali na aulize. Mahindi yenyewe nimeyaleta kidogo katika chupa hii, mtazame rangi ya ukungu wake, ila msiifungue.