Probu Mkononi mwa Tabibu: Nani Afundishwe Ultrasaundi ya Utumbo?



Katika vikao vya mitaala kuna hoja inayorudiwa kwa uhakika mkubwa, nami leo nataka kuijibu hadharani. Inasema: ultrasaundi ya utumbo hutegemea mno mkono wa mpimaji, kwa hiyo tusiwahangaishe madaktari wa magonjwa ya ndani kuifundishwa, mgonjwa apelekwe CT-skani, MRI au kolonoskopia.

Kwamba kipimo hiki hutegemea mkono wa mpimaji, nakubali. Ninachokikataa ni hilo “kwa hiyo”.

Itazameni kolonoskopia yenyewe. Mwaka 2014 Douglas Corley na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine uchunguzi wa kolonoskopia zaidi ya 314,000 zilizofanywa na madaktari 136 huko California Kaskazini. Kiwango cha kugundua adenoma, vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani, kilianzia asilimia 7.4 kwa daktari mmoja hadi 52.5 kwa mwingine. Waliopimwa na wenye viwango vya chini ndio waliopata saratani zaidi baadaye. Je, nani alisimama akataka kolonoskopia iachwe? Hakuna. Watu walidai mafunzo bora na usimamizi wa karibu, nao walikuwa na haki. Iweje udhaifu uleule uwe sababu ya kufundisha chombo kimoja na sababu ya kukitupa kingine?

Husemwa pia kwamba gesi ya tumboni huziba picha. Huziba kweli, mpimaji akiweka probu, kile kifaa cha mkononi cha mashine, juu juu na kungoja. Jibu lake lina umri wa miongo minne. Mwaka 1986 Mholanzi Julien Puylaert alieleza katika jarida la Radiology jinsi alivyowapima wagonjwa 60 walioshukiwa kuwa na uvimbe wa kidole tumbo. Aliikandamiza probu taratibu, kidogo kidogo, hata gesi ikasukumwa kando na utumbo ukawa karibu na jicho la mashine. Utumbo wenye afya hulala bapa ukikandamizwa. Kidole tumbo kilichovimba hukaidi. Sijui makala ninayoipenda kuliko hiyo, na wanafunzi wangu wote huisoma kabla ya kugusa mashine. Uzuri wake ni kwamba mkandamizo ule ni uleule wa vidole vya tabibu anayepapasa tumbo: polepole, huku akimtazama mgonjwa usoni na kumuuliza, “Hapa panauma?” Puylaert alikuwa mtaalamu wa radiolojia, lakini alichokifanya ni kuyapa macho mapapaso ya kitabibu. Ndiyo maana nasema probu ni mali ya anayemtibu mgonjwa.

Haki inanitaka nitaje utafiti wa METRIC wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2018. Wagonjwa 284 wa Crohn, ugonjwa sugu wa uvimbe wa utumbo, katika hospitali 8 walipimwa kwa MRI na ultrasaundi. Katika kugundua kama utumbo mwembamba una ugonjwa, MRI ilipata asilimia 97, ultrasaundi 92. Katika kuonyesha ugonjwa umeenea hadi wapi, 80 kwa 70. MRI ilishinda, nami silipingi hilo. Lakini nani atamrudisha mgonjwa kwenye MRI kila anapokuja kliniki? Nchini Ujerumani, ambako madaktari wa magonjwa ya ndani wamezoea kujipimia wenyewe, utafiti wa TRUST ulionyesha kuta za utumbo wa wagonjwa wa Crohn zikipungua unene ndani ya miezi 3 ya matibabu. Swali la kliniki ni hilo: je, dawa inafanya kazi?

Nilipokuwa mwanagenzi nilimpokea kijana aliyekonda, aliyekuwa ametibiwa amiba kwa miezi mingi katika hospitali nyingine. Tulipompima kwa ultrasaundi, chini kulia mwa tumbo lake ukuta wa utumbo ulikuwa umepita kwa mbali milimita 3 tunazozihesabu kuwa mpaka wa kawaida, na pembeni palikuwa na tezi zilizovimba. Ultrasaundi peke yake haitenganishi Crohn na kifua kikuu cha utumbo. Ilibidi kinyama kichukuliwe kikapimwe, na kikawa kifua kikuu. Lakini siku ile tulijua pa kutafuta. Kwetu, ambako kifua kikuu kingali tele, kujua pa kutafuta ni nusu ya tiba.

Kuhusu mafunzo yenyewe, kundi la kimataifa la ultrasaundi ya utumbo, IBUS, limeweka ngazi zake: warsha ya vitendo, wiki 4 katika kituo chenye wataalamu, kisha mtihani. Mpango huo unatufaa, ila mimi ningeongeza sharti moja. Mwanagenzi aanze na matumbo ya watu wazima wa afya: aufuate utumbo mpana kutoka kushoto chini hadi kulia, autafute mwisho wa utumbo mwembamba unapovuka msuli wa psoas, ahesabu tabaka za ukuta, na mwalimu aketi kando yake. Asioneshwe mgonjwa hata mmoja mpaka utumbo wenye afya aufahamu. Wenzangu wananiambia huko ni kupoteza muda, na bado sijasikia hoja ya kunitoa hapo.