Kabla Hujanunua Gari la Dizeli

Msikilizaji wetu wa Moshi, kama fedha zako ni za kuungaunga na unatafuta stesheni wagoni ya dizeli iliyotumika, huenda ukaonyeshwa Toyota Caldina au Corolla yenye injini ya 2C. Ni injini ngumu, na mafundi wengi wanaijua. Adui yake ni joto: ikichemsha, silinda hedi inaweza kupata ufa.

Kwa hiyo nenda asubuhi, injini ikiwa imelala. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mwenye gari ameshaiwasha, rudi kesho. Fungua rejeta: maji yenye utando wa oili ni dalili mbaya. Washa, tazama ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi mara nyingi ni nozeli mbovu au filta chafu. Kisha panda nayo mpaka Kibosho au Marangu, jicho kwenye geji ya joto. Tambarare ya kuelekea TPC haitakuonyesha kitu.

Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na ulinganishe namba ya chesisi na kadi ya gari. Tafadhali, bakiza fedha ya matengenezo ya kwanza. Usimpe muuzaji shilingi yako ya mwisho.